Mashine Imetoka kwa Fundi: Namna ya Kuimaliza Kabisa

Kwanza pongezi. Mashine yako ya mabango imetengenezwa. Fundi amefunga mfuniko, amekunywa soda, amepokea muamala wake, na sasa hivi yuko juu ya bodaboda anapita kituo cha Fire kuelekea kwa mteja mwingine. Umeweka roli la fleksi, umetuma kazi ya kwanza, na mashine imeitikia kwa mlio ambao jana haukuwepo. Bango limetoka na mistari, upande mmoja umekunjamana, na bibi harusi wa sendofu ya Jumamosi ana pua mbili.

Usihangaike. Wenye maduka ya uchapaji Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo mpaka Mwenge, wamekwishapita njia hii, na katika kupita kwao umepatikana utaratibu unaoweza kuugeuza ubovu wa skrubu moja kuwa safari ya kununua mashine mpya. Utaratibu wenyewe ndio huu. Ufuate kwa mpangilio, usiruke hatua.

Hatua ya 1: Usimuulize fundi alichogusa

Mashine yoyote iliyotoka kufunguliwa ina kanuni moja: ubovu mpya utafute kwanza pale mkono ulipopita mwisho. Mashine iliyoingia na tatizo la pampu, ikatoka inapiga kelele upande wa mota, haijarogwa. Kuna mtu alipita kwenye mota akienda kwenye pampu. Kanuni hii ni nyepesi na haina gharama, ndiyo maana haina heshima mjini. Ikwepe.

Kuikwepa si kazi. Fundi akiwa ndani, wewe toka nje ukapige stori. Usipige picha kabla hajafungua, usitie alama kwenye mirija, usimwombe akuorodheshee alivyovitoa na kuvirudisha. Akimaliza, ukaona juu ya meza zimebaki skrubu mbili na springi moja, muulize kwa adabu ni za wapi. Atakujibu: "Hizo za ziada, bosi. Kiwandani huwa wanazidisha." Ridhika. Viwanda vinavyopunguza unene wa bati ili kuokoa senti vinajulikana dunia nzima kwa kugawa springi za bure.

Skrubu zitie kwenye kopo pamoja na wenzao wa matengenezo yaliyopita. Kopo likijaa, una nusu ya mashine ya pili.

Hatua ya 2: Washa papo hapo

Mtu mwoga angechomoa waya ukutani kwanza. Kisha angehakikisha hedi, ile inayorusha wino, haijalalia kepu, kikombe chake cha kupumzikia, akakisukuma kwa mkono kile kigari kinachoibeba, taratibu, kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho, akisikiliza. Mkono huo ungemwambia mengi: mahali panapokwama, kebo inayokwaruza mfuniko, mkanda uliopanda ukingo wa puli, au lile bati la kukifunga kigari safarini ambalo hakuna aliyekumbuka kulitoa, ikiwa mashine ilipelekwa karakana na kurudi na Kirikuu. Ni kazi ya dakika chache. Lakini wewe si mwoga, na mteja amesimama mlangoni. Bonyeza swichi.

Ukibahatika, utakuta utepe wa enkoda umeachwa nje ya njia yake. Utepe huo ni ule ukanda mwembamba wa plastiki angavu uliotandazwa upana mzima wa mashine, wenye mistari midogo sana, aghalabu 150 au 180 kwa kila inchi. Mgongoni mwa kigari kuna sensa yenye mwanya. Utepe unapita katikati ya mwanya, sensa inahesabu mistari, na hivyo ndivyo mashine inavyojua hedi imefika wapi. Utepe ukiwa nje ya mwanya, mashine haijui lolote. Inaiamuru mota iende, inangoja hesabu, haipati, na kabla haijakata tamaa na kuandika kosa kwenye kioo, kigari kinakuwa kimeshajibamiza pembeni kwa kishindo cha kumtoa nje jirani wa duka la vitenge.

Kioo kikisema kosa ni la mota, agiza mota. Usiiname kuangalia utepe. Na ikitokea umeinama kwa bahati mbaya, ukakuta utepe upo mahali pake ila umepakwa grisi, kwa sababu fundi alikuwa mkarimu mno kwenye reli, usihangaike na kitambaa laini kisichotoa manyoya na matone ya spiriti. Chukua thina. Thina inatoa grisi, inatoa wino, inaweza kuitoa na ile mistari yenyewe, ukabaki na plastiki safi isiyo na habari yoyote.

Hatua ya 3: Osha hedi, kisha osha tena

Bango likitoka na mistari, ziko njia mbili. Moja ni kuchapa karatasi ya majaribio ya nozeli na kuisoma. Nyingine ni kubonyeza kitufe cha kuosha mpaka chupa ya wino mchafu ijae. Ya pili ina faida kwamba opereta anaonekana yuko bize.

Karatasi ya nozeli ina ubaya mmoja: inasema ukweli. Chukua hedi ya Epson DX5, iliyoenea sana kwenye mashine za kuchapa mabango na stika. Ina nozeli 1440, yaani safu 8 zenye nozeli 180 kila moja, na kila nozeli inachora kistari chake. Vistari vilevile vikikosekana kila unapochapa, nozeli zimeziba. Vikikosekana hapa, ukirudia vikawa vimehamia pale, hewa imeingia kwenye mirija, au dampa, kile kikasha kidogo kinachoipa hedi wino, haikukaa vizuri iliporudishwa. Rangi ikianza imejaa, bango likafika mita ya pili imefifia, wino haufiki kwa kasi inayotakiwa: tena itazame dampa, au mrija uliobanwa na mfuniko. Na vistari vikitimia vyote huku bango lina mistari, anza kuitoa hedi kwenye orodha ya washukiwa. Kuendelea kuiosha ni kumpa Panadol mwenye gari lililopata pancha.

Hapo mpenda mambo angechukua rula. Safu ya nozeli za hedi hiyo ina urefu wa kama inchi 1. Ukichapa kwa pasi 4, yaani kila sehemu ikipitiwa mara 4, kila kigari kinapopita, fleksi inasogea robo inchi, yaani milimita 6 na ushei. Mistari ikijirudia kwa umbali huohuo, shaka ni ya usogezaji. Ikiwa myeupe, fleksi inavutwa kupita kiasi. Ikiwa imekoza, inavutwa pungufu na pasi zinapandana. Na mawimbi yakijirudia kwa umbali mrefu zaidi, unaolingana na mzunguko wa rola, rola yenyewe imepinda, imeshika gundi na uchafu, au gia yake ina jino bovu. Lakini rula ni mambo ya shule. Wewe osha.

Kama fundi alibadilisha kepu, raha inaongezeka. Kepu ni kile kikombe chenye ukingo wa mpira ambacho hedi hulalia ikipumzika, na pampu hunyonyea wino humo wakati wa kuosha. Kikikaa upande kidogo tu, pampu inavuta hewa badala ya wino, na kila unapoosha nozeli zinapungua badala ya kuongezeka. Dalili hiyo ingethibitishwa na bomba la sindano la duka la dawa: hedi ikiwa imelala, unalichomeka kwenye mrija unaotoka chini ya kepu, unavuta polepole, ukiona kunavutika kirahisi, ukingo haujaziba. Bomba lenyewe ni bei ya kutupa. Kwa hiyo halifai. Mwambie opereta achague "kuosha kwa nguvu".

Hatua ya 4: Kaza kila kinachokazika

Kila mtu anajua kwamba mkanda ukilegea, kingo za herufi zinatetemeka. Kwa hiyo kaza. Kaza mpaka bisibisi igome. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unaielemea mota, mota inachemka, beringi za puli zinalika, na siku si nyingi kioo kitaandika tena kosa la mota. Vizuri, mota si uliagiza kwenye hatua ya 2? Mambo yanajipanga yenyewe.

Ukimaliza mkanda, hamia kwenye vigurudumu vinavyoibana fleksi juu ya rola. Kimoja kikiachwa juu, au kikakosa ile springi iliyoko kwenye kopo, upande mmoja unavutwa kuliko mwingine, na bango linakwenda mshazari mpaka linakunjamana na kuikwaruza hedi. Kupima hili ni kuingiza fleksi, kuipeleka mbele mita 2 au 3 bila kuchapa chochote, na kuangalia kama ukingo unahama. Usifanye hivyo. Ajiri kijana wa kusimama mbele ya mashine na kuivuta fleksi kwa mikono. Maduka mengi yanaye. Ukimuuliza alianza lini kazi hiyo, atakutajia siku aliyokuja fundi.

Sakafu pia usiitilie shaka. Mashine iliyotolewa dukani ikarudishwa, mguu mmoja ukatua kwenye kigae kilichobonyea, inaweza kujinyonga mwili mzima: hedi inakuwa juu upande huu na chini upande ule, chapa inanoga kushoto na kupata ukungu kulia. Fundi mwashi wa jirani ana pima maji, na angekuazima ukimwomba. Lakini utamwelezaje mwashi kwamba mashine ya mamilioni inahitaji kifaa chake? Weka kipande cha boksi chini ya mguu, mahali utakapopaotea.

Hatua ya 5: Chomeka kebo bapa mashine ikiwa inawaka

Hii ni hatua ya mabingwa. Hedi inaunganishwa na bodi kwa kebo bapa nyeupe, nyembamba, zenye miguso mingi iliyopangwa bega kwa bega. Ndani ya hedi kuna vipande vidogo vinavyojikunja vikipata umeme na kulisukuma tone la wino nje. Ni kinyume cha jambo waliloligundua ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880: kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Ndugu hao hawakujua kwamba ugunduzi wao ungefika hadi kwenye bango la "Karibuni Kitchen Party", wala hawakukutana na opereta anayechomoa kebo huku mashine inaunguruma.

Kebo ikiingia mshazari, au ikiingia na tone la wino kwenye miguso, umeme unapita usikotakiwa. Ukiwa na bahati inaungua fyuzi ya bodi. Usipokuwa nayo, inaungua hedi. Ukikosa bahati kabisa, hedi iliyoungua inaiunguza bodi, unanunua bodi mpya, unaifunga kwenye hedi ileile, nayo inaiunguza hiyo mpya. Wafanyabiashara wa vipuri huwakumbuka wateja wa aina hii kwa majina yao matatu.

Wapo wanaozima, kuchomoa waya ukutani, kungoja dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye bodi uishe, kukausha miguso, kisha kuiingiza kebo imenyooka mpaka ikae. Hao hupata usingizi usiku, na mtu anayelala vizuri hana cha kusimulia kijiweni.

Hatua ya 6: Badilisha vitu vyote kwa mpigo

Bado mistari ipo? Sasa laumu wino. Ukishaulaumu wino laumu roli, kisha umeme, kisha joto la Dar es Salaam. Badilisha wino, roli na stabilaiza asubuhi moja, na wakati huohuo mwambie opereta abadilishe kasi na idadi ya pasi. Mashine ikipona, hutajua imeponywa na nini, kwa hiyo kila ikiumwa utanunua vyote upya. Isipopona, utakuwa umejiongezea maradhi mengine matatu juu ya lile la kwanza. Anayebadilisha kitu kimoja, akachapa, akalinganisha, ndipo akagusa kingine, anaharakisha mwisho wa mazungumzo.

Si kwamba umeme hauna hatia. Waya wa ardhini ambao fundi hakuurudisha kwenye mwili wa chuma wa mashine unaacha umeme tuli urundikane kwenye fleksi, na wino unatawanyika ukungu pembeni ya herufi. Lakini angalia: hata huo ni waya uliofunguliwa na mkono wa mtu.

Mirija ya rangi nayo ina utamu wake. Fundi akiibadilishia mahali ya sayani na majenta, nyeusi itatoka nyeusi na njano itatoka njano, na opereta ataapa kwamba mashine ni nzima. Kijani, kinachotengenezwa kwa sayani na njano, kitatoka chekundu. Uso wa binadamu, unaotegemea zaidi majenta na njano, utatoka wa kijani. Msimu wa kampeni duka linaweza kumvisha mgombea rangi za wapinzani wake na kumpaka ngozi ya mchicha kwenye bango lilelile, na hapo maelezo ya kiufundi huwa hayasikilizwi.

Hatua ya 7: Ficha kwa kompyuta

Programu ya kuchapia ina visanduku vya kuandikia namba, na namba ni tamu. Hedi huchapa ikienda na ikirudi. Matone ya kwenda na ya kurudi yasipokutana, kila mstari wa wima unazaa pacha. Ndiyo ile pua ya pili ya bibi harusi. Baada ya hedi kufunguliwa na kufungwa, marekebisho haya ni ya lazima, hakuna ubishi.

Swali ni lini. Mshamba angechapa kwanza kwa upande mmoja tu. Pacha akitoweka na mistari ikanyooka, kilichobaki kweli ni namba. Mistari ikiendelea kuchezacheza hata kwa upande mmoja, namba hazihusiki: kigari kinayumba kwenye reli, mkanda umelegea, au utepe ni mchafu. Wewe anza na namba. Zirekebishe asubuhi, mkanda utalegea zaidi mchana, uzirekebishe tena jioni. Ukifika mwisho wa kisanduku na namba zimekataa kuongezeka, pakua toleo lingine la programu.

Hatua ya 8: Mpigie fundi, lakini usimwambie kitu

Maneno yanayotakiwa ni haya tu: "Fundi, mashine yako mbovu." Usimtumie picha ya karatasi ya nozeli. Usiseme, "Kaka, tangu uliporudisha kepu, majenta inapungua kila tukiosha." Sentensi ya namna hiyo inaweza kumfanya aje na bisibisi sahihi.

Naye atajibu kwa utaratibu uliokubalika: "Mimi niliiacha inapiga kazi, bosi. Kuna mtu kaigusa?" Swali hilo ni halali, kwa kuwa kuanzia hatua ya 2 hadi ya 7 hujaacha kuigusa. Sasa mko wawili mliopita ndani ya mashine moja, hakuna aliyeandika alichofanya, na kila mmoja ana shahidi wake. Atasema yuko njiani. Mtengee kiti.

Kwa wasiopenda burudani

Wapo watu wakavu ambao hawataki hadithi, wanataka bango. Kwao orodha ni fupi. Zima, chomoa waya. Uliza au kumbuka kilichofunguliwa, uanzie hapo, hata kama dalili inaonekana kwingine. Hesabu skrubu. Sukuma kigari kwa mkono. Kagua utepe na mwanya wake, kebo, mkanda, vigurudumu na kepu, kwa macho na taa, kabla ya kugusa kwa bisibisi. Pima usawa wa mashine. Washa, chapa karatasi ya nozeli, uiandike tarehe na kuitunza. Pitisha fleksi tupu. Chapa kwa upande mmoja, ndipo pande mbili. Namba za kompyuta zije mwisho, chuma kikishatulia.

Na kabla ya yote hayo, siku ya matengenezo, lipa nusu. Nusu ya pili itoke baada ya mashine kuchapa mita 5 mfululizo mbele ya fundi mwenyewe, mfuniko ukiwa umefungwa na meza ikiwa haina skrubu. Fundi mzuri hatakasirika. Atavuta kiti aangalie kazi yake ikitoka. Atakayekasirika naye mshukuru. Amekuokolea vocha ya wiki nzima.